Tathmini: Uanachama wa PSSSF kwa Aliyetokea Sekta Binafsi

Niliingia utumishi wa umma jijini Mwanza nikiwa na umri wa miaka 43, baada ya kufanya kazi miaka minane katika taasisi binafsi upande wa Sengerema, ambako nilikuwa mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi. Ajira mpya ilinipeleka PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ulioanza kazi Agosti 2018 baada ya mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa.

Badiliko la kwanza nililiona kwenye hati ya mshahara. Awali nilikatwa asilimia 10 na mwajiri akachangia 10 nyingine. Sasa nakatwa asilimia 5 na mwajiri anachangia 15. Jumla ni ileile ya asilimia 20, lakini ahueni yake mtu huiona mwisho wa mwezi, hasa samaki wanapopanda bei pale Mwaloni Kirumba.

Kilichonivutia zaidi, hata hivyo, ni kujumlishwa kwa vipindi vya uchangiaji. Ili mwanachama alipwe pensheni ya kila mwezi uzeeni, anatakiwa awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180. Nikiamua kustaafu kwa hiari nikiwa na miaka 55, utumishi wa umma peke yake utakuwa umenipa miezi 144, yaani nitakuwa nimepungukiwa miaka mitatu mizima; miezi 96 ya NSSF ikijumlishwa, nafikisha 240. Wenzangu kadhaa tulioajiriwa pamoja walidhani kwamba anayebadili mfuko huanza moja, na ilinibidi niwaonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi ndipo wakatulia.

Penye kasoro ni kwenye kumbukumbu. Kinachohesabiwa ni mchango uliowasilishwa, wala si makato yaliyoandikwa kwenye hati ya mshahara. Taarifa yangu ya michango ilionyesha miezi 89, kwa kuwa mwajiri wangu wa zamani alinikata miezi saba bila kuwasilisha fedha hizo. Nimevuka Kigongo–Busisi kurudi Sengerema mara tatu nikiwa na hati zangu za mshahara mkononi (nashukuru daraja lilikwishafunguliwa, maana foleni ya kivuko ingenimaliza), na katika safari ya pili ndipo nilipogundua kuwa hata jina langu la kati lilikosewa herufi moja, likawa halilingani na la kitambulisho cha NIDA.

Kwa masharti yake, uanachama huu naupa alama za juu, na huduma ya PSSSF Kiganjani inaniwezesha kukagua michango yangu kwa simu. Ninachopunguzia alama ni utaratibu mzima wa kuhama, kwa sababu anayelazimika kutafuta ushahidi ni mwanachama, ilhali aliyeshika fedha zake ni mwingine. Anayekaribia kuhama achukue taarifa yake ya michango angali kazini, wakati mhasibu bado anapokea simu yake. Kati ya miezi yangu saba, minne imekwisha kuingizwa. Mitatu bado naifuatilia.