Cooper Black: fonti nene iliyoshiba

Habari zenu watazamaji, na karibuni tena. Namna ya kuweka fonti kwenye kompyuta tulishaimaliza katika video zilizotangulia, kwa hiyo leo naingia moja kwa moja kwa Cooper Black, fonti nene yenye ncha za mviringo ambayo wengi wenu mnayo tayari ndani ya Microsoft Office, na ambayo wiki hii nzima imenifurahisha na kuniudhi kwa zamu.

Itazameni herufi o niliyoikuza hadi ikajaza skrini. Tundu lake halikusimama wima, bali limelalia kushoto, kama mtu aliyejiegemeza kitini baada ya sahani ya pili ya pilau. Sasa nabonyeza kitufe cha maandishi ya mlazo: kwa kuwa toleo hili halina herufi za mlazo zilizochorwa maalumu, programu inazisukuma tu kulia kwa nguvu, na tundu lililokuwa limelala linainuliwa, hata ile raha yote ikapotea. Nairudisha ilivyokuwa. Mmeiona tofauti? Tafadhalini, msikiguse kitufe hicho.

Oswald Bruce Cooper aliichora Chicago, na kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler ikaitoa mwaka 1922, enzi za kuchapa kwa herufi zilizosubiwa kwa madini ya risasi; mwenyewe alitania kwamba inawafaa wachapaji waonao mbali wenye wateja waonao karibu tu. Mwaka 1925 mchoraji fonti mwingine, Frederic Goudy, alitoa fonti ya Goudy Heavyface ili kushindana nayo, na ingawa nakiri kwamba fonti hiyo pinzani ina heshima zaidi, haina ucheshi huu.

Kiswahili kina bahati na Cooper Black, kwa sababu maneno yetu yamejaa irabu. Nimeandika "mandazi moto" kwa ukubwa wa bango, na kila a na o imevimba kana kwamba imetoka kwenye mafuta sasa hivi. Kwa mgahawa, fulana au duka la vitu vya watoto, sioni ya kuishinda. Hata shirika la ndege la easyJet la Uingereza limeandika jina lake kwa fonti hii. Tangazo la tanzia ni jambo jingine kabisa, maana hapo itaonekana kama inatabasamu mbele ya wafiwa.

Kilichoniudhi ni udogo. Niliwahi kuitumia kwenye kadi ya harusi ya binamu yangu, majina kwa herufi kubwa, jambo lililopendeza, kisha kwa tamaa yangu nikaandika na saa kwa fonti hiyohiyo, ukubwa wa pointi 9 (pointi ndiyo ile namba ya ukubwa wa herufi mnayoichagua kwenye programu). Wino ulijaza matundu, 6 na 8 zikafanana, na siku tatu mfululizo nilipigiwa simu na wajomba na mashangazi wakiuliza kama ni saa sita au saa nane. Tangu hapo siishushi chini ya pointi 24, na maelezo madogo nayaandika kwa fonti nyembamba isiyo na madoido.

Kuhusu bei, mwenye Office halipi nyongeza, ila someni masharti ya leseni kabla ya kuifanya nembo ya biashara. Video ijayo ni ya Goudy Heavyface, nayo nitaipima kwa "mandazi moto" yaleyale.