Devaisi trii au faili la C: ramani ya memori uiweke wapi?
Wakuu, tuna BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja, inatumia Linux) ya kupimia unyevu shamba la zabibu huko Hombolo. Ile staili ya zamani anwani za ram, uati (UART, mlango wa siriali), pini, vyote unavichomeka kwenye C ndani ya keneli (kiini cha Linux), ukibadili bodi unakompaili upya na umeme ukikatika katikati ndo imekula kwako. Devaisi trii (maelezo ya vifaa vya bodi ambayo keneli inayasoma ikiwaka) we unaandika faili la maandishi la dts pembeni, memori ni reg = <0x80000000 0x20000000>, yani inaanzia hapo na ukubwa MB 512, dtc (kompaila yake) inakupa dtb (faili linalosomwa na keneli) fasta, keneli ileile. Ila ukikosea herufi moja kwenye compatible (jina linalokutanisha kifaa na draiva yake) inakaa kimyaaa, draiva haiamki (nilipoteza jioni nzima), kwenye C ukikosea jina la kigezo au funksheni kompaila inakufokea. Hata hivyo mi nabaki na trii.