Uchawi Uonekane au Ufichwe? Toleo la 2024 la Dungeons & Dragons

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Niko nyumbani Ntinda, na hiyo ngurumo ni jenereta ya jirani, mnivumilie. Mkononi nina Player's Handbook, kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la 2024, kurasa 384. Picha safi, karatasi safi, tusikae hapo. Mimi nataka tuzungumze jambo moja: mtu akifanya uchawi ndani ya mchezo, waliomzunguka wanajua?

Banange, swali hili lilitugombanisha! Mji wa mchezo wetu tumeujenga mfano wa soko la Owino, vibanda vimebanana, kila mtu anaita wateja. Rafiki yangu, mhusika wake ni bard, mpiga zeze mwenye uchawi, akasema anamroga mlinzi wa geti kwa Charm Person, uchawi wa kumfanya mtu akuone rafiki. Mimi ndiye msimulizi, ninayeongoza mchezo. Nikamuuliza, mbele ya umati wote huu? "Kimyakimya tu," akasema. Kimyakimya vipi, na kitabu kinataka maneno na ishara za mkono? Tukabishana mpaka rolex, zile chapati za mayai, zikapoa.

Wakati huo tulikuwa na kitabu cha 2014, nacho hakikulisema waziwazi. Jibu lilikuja 2017 ndani ya kitabu cha nyongeza, Xanathar's Guide to Everything: uchawi wenye maneno, ishara au vifaa unaweza kutambulika ukifanywa, usio na chochote kati ya hivyo hautambuliki. Yaani ununue kitabu cha pili kwa ajili ya jibu hilo!

Toleo hili limejirekebisha kwenye Counterspell, ule wa kuzima uchawi wa mwenzako. Limeandika wazi: umwone mtu, ndani ya futi 60, akifanya uchawi wenye maneno, ishara au vifaa. Halafu kuna Subtle Spell, uwezo wa sorcerer, yaani mchawi wa kuzaliwa, wa kuficha uchawi wake. Analipa pointi moja ya uchawi, maneno na ishara vinaondoka, hata vifaa, isipokuwa vyenye bei au vinavyoteketea.

Hapo ndipo napapenda. Kujificha kuwe na gharama. Ukimruhusu kila mtu aroge kimya bure, sorcerer umemwibia, na wengine mezani wanabaki kutazama tu: mlinzi anatabasamu, geti linafunguka, basi. Lakini uchawi ukionekana, muuza nyanya anapiga yowe, "Mchawi!" Na soko likisikia neno hilo, mnajua wenyewe. Hapo kila mchezaji ana kazi.

Fireball wala haina mjadala, mlipuko wa moto nani asiuone? Inataka kinyesi cha popo na salfa. Sisi wa Kampala tuna Bat Valley, bonde la popo, pale Bombo Road, malighafi haitusumbui.

Kitabu nakipa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa sababu ukitaka kujua kama umati umekuona, bado unaunganisha vipande mwenyewe kutoka kurasa tofauti.

Na yule rafiki yangu? Amebadilisha mhusika. Siku hizi ni sorcerer, na pointi zake anazihesabu kama nauli ya boda mwisho wa mwezi.