Poda ya nakshi isiyo na rangi: kopo moja, rangi kibao

Kwa wanaotengeneza kadi za harusi na Idi hapa Mombasa, kopo moja la poda ya nakshi isiyo na rangi (unga unaonyunyizwa juu ya wino mbichi wa muhuri, kisha unayeyushwa kwa joto ili maandishi yainuke) lina faida kuliko makopo sita ya rangi tayari. Vijiko 4 vya poda, kijiko 1 cha unga wa maika (madini yanayometameta, ndiyo yanayoleta rangi), tikisa kwenye kichupa kikavu mpaka michirizi iishe. Usizidishe maika: yenyewe haiyeyuki, inashikwa na poda tu, na ikizidi maandishi yataacha vumbi kidoleni. Maika ya rangi ya dhahabu yenye chembe ya rangi ya shaba juu ya karatasi nyeusi, hapo utaipenda.

Adui ni unyevu wa pwani. Wakati wa masika poda hunata hata pasipo na wino, basi pangusa karatasi kwa konflawa kidogo kabla ya kupiga muhuri, na utumie wino usiokauka haraka. Drayaa ya nywele ni bure, inapeperusha poda kabla haijayeyuka. Chukua kipuliza joto (heat gun), kipashe moto kwanza pembeni. Maandishi yaking'aa kama yamelowa, ondoa joto hapo hapo. Ukiendelea, poda inazama karatasini na kuacha doa kama la mafuta.