Wiki Moja Périgord: Safari Zipi za Siku Moja Zinastahili Pesa Yako

Mtu akishapata nyumba ya kupanga karibu na Sarlat, mji wa eneo la Périgord, kusini magharibi mwa Ufaransa, hukuta meza imejaa vipeperushi: mapango, makasri, mitumbwi, bustani, treni ndogo. Vyote vinang'aa, vyote vinataka tiketi. Familia ya watu watano ikisema ndiyo kwa kila kimoja, wiki nzima itakwisha kwenye foleni na maegesho. Shauri langu ni hili: nunua safari nne, siku nyingine kaa. Nimezipanga kwa kuangalia mambo mawili tu, yaani unapata nini usichoweza kupata kwingine duniani, na unakaa garini muda gani.

Kabla ya yote, gari. Treni kutoka Bordeaux inaishia Sarlat, lakini vijiji vya bondeni bila gari la kukodi ni shida. Kwa tuliojifunza udereva Dar au Mombasa, kumbuka huku watu huendesha kulia, na barabara za vijijini ni nyembamba. Kilomita 20 zihesabie nusu saa.

Ya kwanza: pango lenye michoro halisi

Bonde la mto Vézère liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1979 kwa sababu ya mapango yake, na hapa ndipo pesa ya kwanza iende. Wengi hukimbilia Lascaux kwa jina lake. Jua unachonunua: pango lenyewe, lililogunduliwa na vijana wanne Septemba 1940, lilifungwa kwa umma mwaka 1963, kwa kuwa pumzi za wageni zilikuwa zinaiharibu michoro. Unachotembelea leo pale Montignac ni Lascaux IV, nakala iliyofunguliwa Desemba 2016. Ni nakala ya ustadi mkubwa, na kwa mzee asiyeweza kutembea pangoni, au mtoto anayetaka kuelezwa mambo kwa picha na vyombo, inafaa sana. Lakini ni nakala.

Mimi ningeanza na pango la Rouffignac. Unapanda treni ndogo ya umeme inayokuingiza ndani ya mlima kwa polepole. Njiani unaonyeshwa mashimo ambamo dubu wa pangoni walilala, na mikwaruzo ya kucha zao ukutani. Halafu treni inasimama, taa inaelekezwa juu, na dari zima limejaa mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya, pamoja na farasi na mbuzi wa milimani, kwa mistari myeusi. Aliyechora alikuwa amelala chali, maana wakati ule sakafu ilikuwa karibu sana na dari. Imechimbwa baadaye ili wageni wapite. Mstari mmoja wa mgongo wa mnyama umevutwa bila kusita. Ukiwahi kupanda majabali ya Kolo, Kondoa, ukasimama mbele ya michoro ile, utakuta ukimya uleule.

Rouffignac hufungwa majira ya baridi. Font-de-Gaume, kijijini Les Eyzies, ina michoro halisi ya rangi, hasa nyati wa kale, lakini huingiza watu wachache kwa siku. Ukiitaka, shughulikia tiketi kabla hujapanga kitu kingine. Popote utakapochagua, beba sweta hata Agosti, maana ndani ni kama nyuzi 13. Kamera inabaki mfukoni. Na ukiuliza njia, sema *grotte*. Ukisema *cave* utaelekezwa kwenye ghala la mvinyo.

Ya pili: Les Milandes

Kasri hili lilikuwa la Josephine Baker, mzaliwa wa St. Louis, Marekani, mwaka 1906, binti wa Kiafrika-Mmarekani aliyeitikisa Paris kwa dansi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipeleka habari za siri kwa upande wa Ufaransa huru, nyingine zikiandikwa kwa wino usioonekana juu ya karatasi za muziki. Mwaka 1947 akalinunua kasri, na humo akalea watoto 12 wa kuwaasili kutoka nchi mbalimbali, Ivory Coast na Kolombia zikiwemo, akiwaita Kabila la Upinde wa Mvua. Madeni yakamwelemea, mwaka 1969 alitolewa humo. Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ilimpa heshima ya Panthéon, jengo la Paris la kuenzi mashujaa wa taifa, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata.

Naliweka juu ya ngome zote za bonde hili. Vyumbani kuna nguo zake za jukwaani, ile sketi ya ndizi ikiwemo, na nishani zake. Wape watoto wenu hadithi yake kabla ya kuingia, kwenye gari. Bustanini huwa kuna maonyesho ya ndege wawindaji, kwa hiyo angalia saa zake mapema.

Ya tatu: mto Dordogne kwa mtumbwi

Hii ndiyo inayokumbukwa. Mwenye mitumbwi anakupa kasia na jaketi la kuokolea, unashuka na maji, na mwisho wa safari basi dogo linakurudisha ulikoacha gari. Unapita chini ya La Roque-Gageac, nyumba zake zimejibana kwenye ukuta wa mwamba, kisha Castelnaud na Beynac, ngome mbili zinazotazamana. Katika Vita vya Miaka Mia, kati ya Uingereza na Ufaransa, ngome moja ilishikwa na Waingereza, nyingine na Wafaransa. Asiyejua kuogelea asipande mtumbwi. Apande *gabare*, mashua ya mbao iliyo bapa inayoondokea La Roque-Gageac, ambayo inafaa pia kwa bibi na mtoto mchanga.

Ukiwa na watoto wanaopenda vita vya zamani, ongeza Castelnaud yenyewe, kwa ajili ya zile mashine kubwa za mbao za kurushia mawe. Bila watoto hao, kuitazama kutoka majini kunatosha.

Ya nne: Padirac na Rocamadour

Hii ni siku ndefu, kama saa moja kwa gari kila upande. Padirac ni shimo lenye kina cha mita 75. Unashuka kwa lifti au ngazi, kisha unapanda mashua kwenye mto unaopita chini ya ardhi. Majira ya joto tiketi ikatwe mapema. Rocamadour, mji wa mahujaji uliobandikwa kwenye genge, una ngazi 216 ambazo wengine walizipanda kwa magoti. Fika kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Mwenye muda wa siku tatu tu aiache safari hii.

Bila tiketi

Soko la Sarlat ni Jumatano asubuhi na Jumamosi. Nunua jozi, stroberi, na jibini dogo la mbuzi la Rocamadour. Ingia pia kanisa la kale la Sainte-Marie, sasa soko la ndani, lililopewa milango mirefu ya chuma na msanifu Jean Nouvel. Kwa Waislamu: karibu kila kitu hapa kina bata, ambaye huenda hakuchinjwa kihalali, na vile viazi vyenye harufu tamu vinavyoitwa *sarladaises* hukaangwa kwa mafuta yake. Uliza "*graisse de canard?*", yaani mafuta ya bata, kabla ya kuagiza.