Antivairasi na programu za kusafisha kompyuta: ipi ulipie, ipi uachane nayo

Kabla hujatoa hela angalia kwanza ulichonacho. Windows 10 na 11 zinakuja na Defender ndani yake, bure, inafanya kazi kimyakimya na siku hizi inakamata vairasi vizuri tu, sio ile ya zamani watu walikuwa wanaicheka. Kwa mtu wa kawaida hiyo ndo namba moja yangu. Sharti ni usizime apdeti na uachane na programu zilizokrakiwa (za kulipia zilizovunjwa kinga ili zitumike bure), maana mtu anaizima Defender mwenyewe ili kraki ipite halafu analalamika eti hailindi.

Namba mbili Malwarebytes ya bure. Hii hailindi muda wote, unaifungua ukihisi kuna kitu hakiko sawa, inaskani, unafuta uchafu, basi. Itakubembeleza ulipie, we kaza.

Namba tatu ni za kulipia, akina Bitdefender na ESET. Ni nzuri kweli na kwa ofisi yenye mashine nyingi zina maana, ila soma bei ya mwaka wa pili, ule wa kwanza huwa ni ofa tu, ukisahau kuzima malipo ya moja kwa moja kadi inakatwa bei kamili. Halafu usiweke mbili kwa pamoja. Ukiweka moja ya nje (isiyo ya Microsoft) Defender inajiweka pembeni yenyewe, lakini mbili za nje zinagombania kila faili unalofungua na mashine inakuwa nzito kuliko ingekuwa na vairasi.

Namba nne, antivairasi za bure za kampuni za nje, hizi ndo siziamini. Matangazo kila saa, na hela lazima itoke mahali. Avast ilikuwa inakusanya tovuti watu wanazotembelea na kuziuza kupitia kampuni yake ya Jumpshot, ikaifunga 2020, na 2024 serikali ya Marekani ikaitaka ilipe dola milioni 16.5. Yaani mlinzi ndo alikuwa anauza habari za nyumba.

Mkiani kabisa ni zile za "kusafisha na kuongeza spidi". Zinaskani sekunde chache zinakuletea mamia ya "makosa" kwa rangi nyekundu, ukitaka kurekebisha lipa, na mengi ni vitu visivyo na madhara yoyote. Kufuta vitu kwenye rejista (pale Windows inapohifadhi mipangilio yake) hakuongezi spidi unayoweza kuiona, na ikifuta kisichofutwa programu zinagoma kufunguka au Windows yenyewe inakataa kuwaka, Microsoft wenyewe hawashauri. Kashe nayo (nakala za tovuti ambazo kivinjari kimejiwekea) ukiifuta kila siku kivinjari kinapakua kila kitu upya, so umejichelewesha. Hata CCleaner iliyokuwa inaaminika, 2017 wadukuzi waliingia kwenye toleo la 5.33 wakapandikiza programu hatari, na zaidi ya watu milioni 2 walikuwa nalo. Taka za kweli nenda Settings, System, Storage, zipo hapo zimepangwa, unachagua unafuta.

Kama mashine ni nzito na bado ina hard disk ya zamani (HDD, ile ya kuzunguka), hiyo hela nunua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi zaidi), utofauti utauona siku hiyohiyo.

Na kama ushainstoli hizo safisha-safisha, zitoe kwenye Settings, Apps, zima uwashe, kisha fungua Windows Security uhakikishe Defender imewaka tena.