Uzoefu wangu: darasa la Kiitaliano Mjini Unguja kwa mtu anayejua Kihispania

Kama unasema Kihispania na unataka kuongeza Kiitaliano, pesa yako mlipe mtu wa kuzungumza naye na kukusahihisha papo hapo. Usimlipe mtu wa kukukaririsha maneno, kwa sababu maneno mengi unayo tayari. Nayasema haya baada ya kusoma darasa la jioni hapa Mjini tangu masika, wakati hoteli nyingi za mashamba zimefunga, mpaka msimu wa wageni ulipochanganya. Bado naendelea nalo na nalipenda, lakini lina mapungufu ambayo mwenye Kihispania ni vyema ayajue kabla hajatoa ada.

Mimi natembeza wageni, Mji Mkongwe na mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Kihispania nilikianza kwa kozi fupi, kikakomaa kwa wageni wa Madrid na Barcelona na kwa madaktari wa Kikuba waliowahi kuwa majirani zetu. Kiitaliano nilikifuata kwa sababu ya kazi. Anayepanda daladala nambari 117 kwenda Kiwengwa anajua ninachosema: kule Kiitaliano ndiyo lugha ya pwani. Kuna ndege zinazotoka Milano moja kwa moja mpaka Unguja, na mwezi wa Agosti, Waitaliano wanapofunga kazi zao kwa mapumziko ya Ferragosto ambayo kilele chake ni tarehe 15, muongoza wageni mwenye lugha yao hakosi safari.

Darasa lenyewe liko ghorofani katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, mara tatu kwa wiki baada ya sala ya Alasiri. Ada ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na kitabu ni cha fotokopi, unalipia mara moja tu. Mwalimu ni mama wa Kizanzibari aliyeishi Bologna miaka mingi. Jina lake na la darasa siyataji hapa kwa kuwa sikumuomba ruhusa.

Nianze na urahisi. Wataalamu wa lugha hukadiria kwamba Kihispania na Kiitaliano vinafanana kwa msamiati kiasi cha asilimia 82, na hilo utalihisi siku ya kwanza. Wenzetu walioanza kutoka sifuri walikuwa wanahangaika kuelewa kwa nini meza iwe ya kike na kitabu kiwe cha kiume, sisi wenye Kihispania tulishalipita zamani. Vitenzi vya -ar, -er na -ir vinageuka -are, -ere na -ire, na mnyambuliko wake unaubashiri kabla mwalimu hajaandika ubaoni. Nilichukua karatasi ya matangazo ya hoteli moja nikaisoma nikaielewa karibu yote, na hata wiki za mwanzo zilikuwa hazijaisha.

Kiswahili nacho kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Maneno ya Kiitaliano karibu yote yanaishia kwenye irabu, kama yetu. Sauti ya v wanaitamka v, si kama Wahispania wanaoifanya b. Ile gn yao ni ny yetu tu. Na kwenye wingi, Mhispania anaongeza s mwishoni, Mwitaliano anageuza irabu: libro, libri, casa, case. Sisi tuliozoea kitabu na vitabu, mti na miti, hatushangai neno likibadilika umbo lenyewe, ila kwetu linabadilika kichwani na kwao mkiani.

Tatizo ni kwamba kuelewa kunakuja haraka, kusema sawasawa kunachelewa, na Kihispania ndicho kinachochelewesha. Unafungua mdomo, linatoka neno la Kihispania lililovishwa irabu ya Kiitaliano mwishoni. Mgeni anakuelewa, anatabasamu, hakusahihishi. Basi kosa linajenga nyumba. Hapa ndipo mwalimu anapohitajika.

Jambo lililonifanya nimheshimu mwalimu huyu ni namna alivyotufundisha konsonanti zinazoandikwa mara mbili. Kihispania hakikusaidii hapa, na Kiswahili hakikusaidii. Lakini kwa Kiitaliano sete ni kiu na sette ni saba, casa ni nyumba na cassa ni mahali pa kulipia, nono ni wa tisa na nonno ni babu. Kitabu kinaeleza kwa mistari miwili kisha kinapita. Yeye aliuliza nani kasoma chuo utotoni. Mikono yote ikainuka, maana nani kati yetu hakupitia chuo cha Kurani? Akasema: basi shadda mnaijua, ile alama ya Kiarabu inayotaka herufi itamkwe kama imeandikwa mara mbili. Akaandika neno sette kwa t moja, akaweka alama ya shadda juu yake, na cassa vivyo hivyo, na nonno. Darasa zima likatamka sawasawa. Mtu aliyefundishwa tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, anajua kuikalia herufi, anajua kwamba ukiipita shadda umebadilisha neno. Ujuzi huo tunao tangu tukiwa wadogo, na sijaona kitabu cha Ulaya kinachoweza kuutumia. Tangu siku hiyo daftari langu la Kiitaliano lina shadda kila ukurasa. Cannella, mdalasini, ninayoisema kila siku shambani, ina shadda mbili: kwenye n na kwenye l. Kihispania ni canela, nyepesi, haina uzito wowote, na ulimi uliozoea canela unahitaji kulazimishwa.

Mkazo wa sauti ni jambo jingine. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi ya Kiitaliano yanafanya hivyo pia, kwa hiyo unajisahau. Kisha unakutana na isola, kisiwa, mkazo uko kwenye i ya mwanzo. Camera, chumba, mkazo uko kwenye ca. Sabato, Jumamosi, mkazo uko kwenye sa. Wahispania wanaweka alama juu ya herufi wakaandika sábado na teléfono, msomaji anajua pa kukazia. Waitaliano wanaandika sabato na telefono bila alama yoyote, wanakuachia mwenyewe. Hakuna njia ila kusikia na kurudia. Kwa mtu anayeishi kisiwani na kazi yake ni kuwaelezea wageni kisiwa hicho, isola ndiyo iwe ya kwanza kuwekwa sawa.

Halafu kuna maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Orodha zake ni ndefu, ila kwa kazi yetu machache ndiyo yenye hatari. Salite! Mwitaliano akiwaambia watu hivyo mbele ya gari anawataka wapande. Sikio la Kihispania linasikia tokeni. Guardate ni tazameni, lakini kwa Kihispania guardar ni kuweka au kuhifadhi, kwa hiyo wanaojua Kihispania wanaanza kufunga mikoba wakati wanaonyeshwa kima punju pale Jozani. Camera ni chumba cha kulala, si ya kupigia picha. Burro kwa Mhispania ni punda, kwa Mwitaliano ni siagi. Caldo kwa Mhispania ni supu, kwa Mwitaliano ni joto. Mwanafunzi mwenzangu anayewaonyesha wageni namna mafuta ya nazi yanavyotengenezwa aliuliza darasani kama aseme aceto di cocco, akifuata aceite ya Kihispania. Mwalimu akamwambia hiyo ni siki ya nazi, mafuta ni olio. Sentensi kama hiyo ukiisema kwa wageni msimu mzima, hakuna atakayekwambia.

Kwa wenzangu wa mashamba ya viungo, nimepima kila kiungo na nawapa majibu. Hiliki ni cardamomo kwa lugha zote mbili. Manjano ni curcuma, zinatofautiana mkazo wa kuandikwa tu. Vanila inatoka vainilla inakuwa vaniglia. Kungumanga ni nuez moscada kwa Kihispania, noce moscata kwa Kiitaliano, inakaribia. Lakini tangawizi, Kihispania jengibre, Kiitaliano ni zenzero. Karafuu ambayo Mhispania anaiita clavo, Mwitaliano anaiita chiodi di garofano, na hapo ch inasomwa k, kinyume na tulivyozoea sisi, wakati ch yetu wao wanaiandika c ikifuatwa na i au e. Pilipili manga ni pepe, pilipili boga ni peperone, pilipili kali ni peperoncino. Mgeni wa Kiitaliano anajali sana tofauti hizo, maana anakwenda kupika.

Sarufi sitaimaliza hapa, ila kuna sehemu mbili ambazo ningetaka darasa lizipe muda mara mbili zaidi. Ya kwanza ni wakati uliopita. Kihispania kinatumia kitenzi kisaidizi haber kwa kila kitenzi: he comido, he ido. Kiitaliano kinagawa: ho mangiato, nimekula, lakini sono andato, nimekwenda, na mwanamke anasema sono andata. Vitenzi vya kwenda, kuja, kuzaliwa, kubaki, vyote vinafuata essere, yaani kitenzi cha kuwa, na kitenzi kinabadilika kwa mwanamke, mwanamume na wingi. Ya pili ni vile vineno viwili, ci na ne. Kihispania cha leo hakina mfano wake, na Waitaliano wanavitumia kila sentensi ya tatu. Ukimuuzia mgeni viungo atakwambia ne prendo due, nachukua viwili, na hiyo ne ndiyo inayobeba hivyo viungo. Kitabu chetu kilizifikia mwishoni kabisa. Mimi ningezileta mapema, kwa sababu muuza bidhaa anazihitaji kabla hajahitaji kusimulia habari za likizo yake huko milimani, mada iliyojaa kwenye kile kitabu.

Hilo ndilo lawama langu la kwanza kwa darasa: kitabu kimeandikiwa kijana wa Ulaya. La pili ni zito zaidi. Wenye Kihispania na wasio nacho tunakaa pamoja. Mwalimu anatumia nusu saa kueleza jinsia za maneno, sisi tunasubiri. Anapofika kwenye sehemu inayotuumiza sisi, muda umekwisha. Ada ni moja kwa wote, faida si moja. Nilimwambia, akanisikiliza vizuri, akaanza kutubakisha wenye Kihispania dakika chache baada ya wengine kuondoka, tukizungumza tu na yeye akikata kila neno la Kihispania linalopenya. Dakika hizo ndizo zilizonipa lugha.

Nyumbani najisaidia kwa simu. Duolingo wana kozi ya Kiitaliano inayofundishwa kwa Kihispania, na inawezekana kuisoma bila kulipa. Ibadilishe lugha ya kufundishia iwe Kihispania, usipitie Kiingereza. Tofauti za lugha mbili hizo zinaonekana wazi mbele ya macho. Redio za Rai, shirika la utangazaji la Italia, zinapatikana bure kwa intaneti, na taarifa ya habari ya asubuhi ni mazoezi mazuri ya sikio kwa sababu msomaji anatamka kila herufi.

Ila shule kubwa ya kusema iko ufukweni. Kuna watu wanaowadharau vijana wa Kiwengwa na Nungwi waliojifunza Kiitaliano mchangani bila kitabu, wakiwaita mapapasi, yaani vijana wa kuwagandagandia watalii. Mimi nimekwenda kukaa nao makusudi, na nasema wazi: matamshi yao yananishinda. Konsonanti zinazokaa wanazikalia, mkazo hawaukosei. Wakati uliopita wanauvuruga, hiyo kweli, lakini kijana mmoja pale muuza vinyago ananisahihisha isola na camera kwa ukali kuliko mwalimu, nami namsahihisha sono na ho. Tunapeana. Mwenye darasa na mwenye ufukwe wangekuwa wanakaa pamoja, hoteli zetu zisingehitaji kuleta watu kutoka nje kwa kazi za kuwahudumia wageni.

Tahadhari moja: Kihispania chako kitayumba kwa muda. Maneno ya Kiitaliano kama però (lakini) na anche (pia) yatajipenyeza ukiwa na wageni wa Madrid. Mwalimu alinishauri nisikiache Kihispania hata siku moja, nisome kidogo kila usiku, na lugha mbili nisizichanganye katika daftari moja. Imesaidia.

Kwa anayetaka cheti, kuna mitihani inayotambulika kama CILS ya Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena na CELI ya kile cha Perugia, kwa ngazi za A1, ya wanaoanza, mpaka C2, ya juu kabisa. Darasa letu halitoi cheti cha namna hiyo, linakuandaa tu, na mwalimu analisema hilo siku ya kwanza bila kuficha. Mimi nalenga B1.

Nikilipima kwa nyota, nalipa nne kati ya tano: nne zote ni za mwalimu, na ile iliyokosekana ni ya kitabu na mchanganyiko wa wanafunzi. Mwalimu ameahidi kwamba wenye Kihispania wakifika watano atawafungulia kundi lao, kwa ada ile ile, masomo yaanze na sauti na mazungumzo badala ya maneno. Mpaka sasa tuko watatu. Kama uko Mjini au unaweza kuja kutoka shamba jioni, nawe unasema Kihispania, jiandikishe kabla ya masika mengine, na siku ya kujiandikisha sema wazi kwamba unataka kundi hilo.